Sentimita Kumi na Moja

Usa River, Arusha
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu,

Shikamoo. Najua atakayekusomea ni Tumpe, kwa hiyo salamu zake nampa hapa hapa asije akanuna: hujambo mdogo wangu, soma polepole, na ukifika mahali pagumu usiruke. Baba, goti linaendeleaje? Nimesikia siku hizi unakwenda karakana kwa fimbo lakini bado unapiga randa umesimama, kiti umekikataa. Na Mama, presha imetulia, au bado anajiwekea chumvi mkiangalia pembeni? Lile paa la jikoni mlilibadilisha, au masika yote mlikinga kwa sufuria?

Mimi ni mzima. Nimechoka tu, na naomba Mama asishtuke, si uchovu wa kuumwa. Ni wa mtu aliyekaa muda mrefu mbele ya kompyuta kwenye chumba chenye ukuta unaotoa jasho. Baridi ya huku mwezi huu imeingia mifupani. Mlima Meru umejifunika mawingu wiki ya pili sasa, na watu wa hapa wanavaa makoti hadi saa sita mchana. Shingo inakaza, macho yanawasha. Jana nilipokwenda kununua mkaa muuzaji aliniuliza kama nimefiwa.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu imetushinda. Tangu mashine ya mbao ikuharibie masikio, tukipigiana ni kupiga kelele, "Eee? Unasemaje?" halafu tunamaliza kwa "Haya, tutaongea." Ninalotaka kusema haliwezi kupigiwa kelele. Na wewe una haki ya kulisikia lote, kwa mpangilio wake.

Kazi yangu sijawahi kukueleza sawasawa. Unajua nilikuja huku kufunga maua shambani, na unajua baadaye nilijifunza kuchora kwa kompyuta kwa yule dada wa ofisini aliyekuwa akitengeneza picha za hoteli. Nilipoacha maua nilianza na picha za nyumba, kisha nikapata watu wa nje wanaotaka picha za vyombo vya anga za juu. Kuna watu duniani, Baba, wanapenda vyombo hivyo kama wengine wanavyopenda mpira. Na wanaovipenda zaidi ya wote wanapenda vile ambavyo wataalamu walivibuni, wakavichora, wakavipigia hesabu miaka na miaka, kisha wakubwa wakasema hapana. Vikabaki karatasi. Mimi nachukua karatasi hizo na kukitengeneza chombo ndani ya kompyuta, kipande kwa kipande kama unavyounga kabati, halafu nakiweka mbele ya Mwezi au sayari fulani na kukimulika jua. Ukiiona picha utasema kuna mtu alikuwa huko na kamera.

Mwezi wa pili alinipigia mama mmoja wa Arusha mjini, Mama Surjit. Ni wa familia ya Masingasinga waliokuwa na gereji mtaa wa Unga Limited tangu enzi za babu yao. Anaishi na kaka yake, Mzee Harbans. Huyu mzee alizaliwa hapa na kukulia chini ya malori ya baba yake, kisha akapelekwa ng'ambo kusoma. Alibaki huko karibu maisha yake yote, akichora katika ofisi iliyobuni vyombo vya anga. Amerudi uzeeni. Hana mke wala mtoto. Kiswahili chake ni cha gereji, na akikasirika anaongea kama mtu aliyeangukiwa na jeki.

Alirudi na bomba refu la bati, na ndani yake kulikuwa na michoro. Chombo cha watu sita, cha kwenda sayari ya Mirihi na kurudi. Ofisi yao ilikihangaikia miaka minne, ikashindana na ofisi nyingine, ikashindwa, na michoro ikaamriwa itupwe. Mzee Harbans aliomba nakala. Sasa macho yake yanafunga kwa presha ya macho, la kushoto limeshakwenda, na daktari hakumficha kuhusu la kulia.

"Nataka nikione kizima mara moja," aliniambia siku ya kwanza. "Mara moja tu, binti. Halafu giza lije."

Basi nikawa nakwenda kwao kila Jumanne na Ijumaa. Mama Surjit alikuwa anaondoa chupa za achari mezani, mzee anatandaza karatasi, anashika kioo chake cha kukuzia, na mimi nafungua kompyuta. Alinihesabia ribiti, Baba, zile pini za kuunganishia mabati. Nikiweka ribiti arobaini mahali pa thelathini na nane, ananirudisha. Alinifokea kwa sababu ya rangi ya gundi. Nilirudi Usa River nimechoka, na siku ambazo umeme unakatika kompyuta ikiwa katikati ya kukokotoa picha nilianza upya kesho yake. Lakini nisikufiche, nilikuwa na furaha. Hakuna mtu aliyewahi kunifokea kuhusu milimita tangu nilipoondoka karakanani kwako.

Mwezi wa tano ndipo nilipokuta kosa.

Chombo kilikuwa na sehemu kubwa ya kuishi njiani na sehemu ndogo ya kushukia. Kati ya hizo mbili kuna njia nyembamba ya mtu kupita akitambaa, yenye pete ya chuma kila mwisho. Kila sehemu ilichorwa na mtu wake, na njia ile aliichora Mzee Harbans mwenyewe, jina lake liko pembeni. Kwenye karatasi, kila mchoro uko peke yake na uko safi. Nilipoviunganisha, pete hazikukutana. Zilipishana sentimita kumi na moja. Wewe sihitaji kukueleza maana ya sentimita kumi na moja kwenye fremu. Na ukiilazimisha njia ikutane na pete, inaingia ndani ya tangi la maji ya kunywa.

Nilipima upya nikidhani nimekosea mimi. Nikapima tena siku ya pili, nikianzia mwisho wa chombo kuja mbele. Ikabaki kumi na moja.

Nilimwambia Mama Surjit kwanza, jikoni, akiwa anasukuma chapati. Hakuelewa mambo ya pete, lakini alielewa kilichobaki upesi sana. Akanieleza kwamba kaka yake amekula na kulala na chombo hicho. Alikataa wachumba wawili kwa ajili ya kazi ile. Miaka yote amekuwa akisema kwamba kilikataliwa kwa fitina, kwamba kingejengwa kingekwenda na kurudi salama. Akapangusa unga mikononi akanitazama.

"Hana kingine," akasema. "Mwachie hicho kimoja."

Nikakubali. Ningependa kukuambia nilikubali kwa huruma, na huruma ilikuwepo, lakini zaidi nilikubali kwa uchovu. Picha alizotaka zilikuwa za nje, na ukitazama kwa nje hakuna anayeona njia wala tangi. Ganda linafunika kila kitu. Nikamaliza picha nne. Nilipozileta aliketi karibu na kioo cha kompyuta hadi pua ikaribie kugusa, akageuza kichwa ili jicho la kulia lifanye kazi, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Akafuta jicho kwa ncha ya kilemba. Nilidhani tumemaliza.

Wiki iliyofuata akasema anataka moja zaidi, chombo kikiwa kimepasuliwa ubavuni ili mtu aone ndani, vitanda, meza, matangi, njia, vyote. Hiyo ndiyo ataitia sahihi na kuiweka chumbani.

Nilirudi nyumbani nikakaa na tatizo lile asubuhi nzima. Halafu nikaisogeza pete. Kwenye kompyuta ni kazi ya kidole, Baba. Nikapunguza tangi kidogo kwa nyuma, mahali pasipoonekana, nikaweka kivuli. Ikawa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nikaichapisha mjini kwenye karatasi kubwa nene, nikampelekea Ijumaa.

Aliipitia kwa kioo chake taratibu, inchi kwa inchi. Alipofika kwenye njia alitabasamu, akaanza kunisimulia jinsi walivyoijenga kwa mbao ofisini ili wajaribu kama mtu mnene anapita, na jinsi bosi wao alivyokwama. Mama Surjit akacheka. Kisha mzee akaomba kalamu. Alitaka kuandika chini, kwa herufi zake za uchoraji, kwamba hivi ndivyo chombo kilivyokuwa, na atie jina lake.

Sijui nikuambieje. Alipoinamisha kalamu, mkono wangu ulikwenda wenyewe ukafunika pale mahali pa sahihi.

"Mzee, usisaini," nikasema. "Nimesogeza pete."

Hakuinua kichwa. "Kiasi gani?"

"Sentimita kumi na moja."

"Kuelekea wapi?"

"Kwenye tangi la maji."

Nilimwona anahesabu, midomo inacheza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi njia yangu imepita ndani ya tangi," na mimi nikasema ndiyo. Akaweka kalamu chini sambamba na ukingo wa meza, akaniomba nirudi nyumbani.

Mama Surjit alinisindikiza hadi getini. Hakunifokea. Aliniambia tu kwamba aliniomba kitu kimoja, na kwamba nisije mpaka aniite. Akafunga geti, nikasikia komeo.

Hakuniita. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Kazi nyingine sikuwa nayo, kwa kuwa miezi yote ile nilikuwa nimemshika mzee peke yake. Nikarudi kwenye maua kwa kibarua. Hili sikumwambia hata Tumpe. Unasimama kwenye chumba cha baridi kama cha kuhifadhia nyama, unapanga mawaridi kwa urefu, vidole vinakufa ganzi mpaka mwiba ukikuchoma unajua kwa kuona damu. Wenzangu wa zamani walinipokea vizuri. Walinitania kwamba nimerudi kutoka mwezini. Nilicheka nao. Jioni nilivua buti nikakaa kitandani bila hata nguvu ya kuchemsha maji.

Niliwaza sana katika siku hizo, na sikumwaza Mzee Harbans tu. Lakini hilo nitalifikia.

Wiki ya nne Mama Surjit akapiga. Sauti yake ilikuwa baridi. Alisema kaka yake hali chakula cha maana, anakohoa, hataki kupumzika, amemaliza karatasi zote za nyumbani kwa kuchora, na ananitaka. Nikaomba ruhusa shambani, nikaenda.

Nilimkuta mezani. Amekonda. Meza ilijaa karatasi, na mistari yake ilikuwa inatetemeka, mtu aliyekuwa akichora unywele kwa unywele. Alikuwa akichora akiwa ameinama hadi paji la uso linagusa rula. Hakunisalimia. Akanivutia kiti na kunionyesha.

Alikuwa amepata ufumbuzi. Njia aliipindisha kidogo ipite pembeni ya tangi, na pete ikakutana na pete. Lakini ili njia ipate nafasi ilibidi chumba cha kulala kipungue, na vitanda havikuenea tena sita. Vilienea vinne.

"Watu wanne," akasema. "Wawili wabaki nyumbani. Tungesema hivyo tangu mwanzo, labda tungepewa kazi. Labda."

Nikamuuliza vitanda gani nivitoe. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwahi kulitaja. Walipokuwa vijana pale ofisini, wachoraji sita walijigawia vile vitanda sita kwa mchezo. Kila mmoja aliandika jina lake kwa penseli ndogo sana kwenye kitanda alichochagua. Akanipa kioo cha kukuzia, akanionyesha kwenye nakala ya zamani. Majina yapo, Baba, madogo kama mayai ya chawa. Lake lilikuwa kwenye kitanda cha chini upande wa kulia, karibu na dirisha.

"Toa hiki," akasema, akaweka kidole juu ya jina lake. "Na hiki cha juu yake, alikuwa rafiki yangu, ameshafariki, hatanidai."

Nikavitoa mbele yake. Alitaka avione vikiondoka. Kompyuta ilichukua siku mbili kukokotoa picha mpya, umeme ukatuhurumia, na Jumanne nikaileta. Akaitia sahihi. Chini yake aliandika kwamba mchoro wa kwanza ulikuwa na kosa, kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba limerekebishwa naye pamoja nami. Ameandika jina langu lote, Subilaga, na jina lako.

Picha ile ameniruhusu kuiweka kwenye ule ukurasa wa mtandao ninakopeleka picha zangu. Watu wameitazama wengi. Mmoja aliandika kuuliza chombo hicho kilitua Mirihi mwaka gani. Nilimsomea mzee. Akaniambia nimjibu kwamba hakikujengwa, na nimjibu kwa adabu.

Usidhani mambo yameisha vizuri kama hadithi. Kifua chake kimekuwa kibaya tangu siku zile za kuchora, na jicho la kulia linakwenda upesi kuliko daktari alivyosema. Mama Surjit ananipa chai kwa sababu ni mtu wa heshima, ila haketi nami tena mezani. Naona anaamini ningenyamaza kaka yake angekuwa na afya. Huenda ni kweli. Nikitoka kwao huwa natembea hadi barabarani nikiwa mzito kama niliyebeba gunia, na sijui kama nilifanya vyema. Najua tu kwamba nisingeweza kutoa mkono wangu pale kwenye karatasi.

Sasa nifike kwako.

Mwaka jana nilipokuja kumzika Bibi, jioni ya matanga tulikaa nje ya karakana, wewe, mimi na Baba Mdogo. Uliniuliza nafanya nini hasa huko. Nikakuonyesha picha kwenye simu. Uliitazama sana, ukaifuta vumbi la mbao kwa kidole, ukaniuliza neno moja tu: "Vinaruka?" Na mimi nikasema, "Ndiyo, Baba."

Ulikuwa umechoka kwa msiba, nami pia. Niliona uso wako ulivyofunguka, sikuwa na moyo wa kukuambia kwamba hakuna hata kimoja. Baadaye Tumpe akanieleza kwamba umewaambia wazee wa kanisa binti yako anajenga vyombo vya anga Arusha, mchungaji akanitaja kwenye maombi, na kwamba unaomba picha ya chombo nilichojenga ili itundikwe pale mbele ya ofisi ya kanisa. Nikasema nitatuma. Nikawa natafuta sababu kila mwezi, mara printa mbovu, mara nina kazi nyingi. Kwenye simu ukiuliza najifanya sijasikia, na wewe mwenye masikio mabovu ndiye ulikuwa unaniomba radhi.

Baba, haviruki. Sijajenga chombo chochote. Nachora vitu ambavyo watu walivitamani wakavikosa, na ninavichora vizuri, na hiyo ndiyo kazi yangu yote. Ulinifundisha kushika kipimo kabla sijajua kusoma, halafu nikakudanganya wewe. Naomba unisamehe. Ukiona vyema kuwaambia wazee, waambie, nitakuja mwenyewe nisimame mbele yao Desemba kama kibarua kitaniruhusu. Ukiona unyamaze, hilo nalo nitalielewa, ila mimi kwako sinyamazi tena.

Nisalimie Mama, mwambie sijakonda sana. Msalimie Baba Mdogo, na shangazi mwenye duka, na mke wa kaka na watoto, hasa yule wa mwisho ambaye sijambeba bado. Tumpe, asante kwa kusoma. Ukiwa umelia acha, mpe Baba maji.

Barua nampa dada wa kwaya anayekwenda Mbeya kwa wazazi wake, ataiacha kwa Baba Mdogo sokoni. Kwenye bahasha kuna nakala ya picha, nimeikunja mara moja tu, ilazeni chini ya ubao mzito itanyooka. Ni ile ya vitanda vinne. Ukitaka kuitundika, Baba, itundike karakanani.

Ni mimi mwanao niliyekuwa nimechoka kukudanganya,

Subilaga